Mpangaji Akishahama

Miongoni mwa maneno ambayo kompyuta imeyaleta katika Kiswahili chetu, mawili hunishughulisha kuliko mengine: sakinisha na sanidua. La kwanza si geni kwa msomaji wa visiwani. Sakini ni kukaa mahali, na jamaa yake ni neno maskani, ambalo Unguja na Pemba halihitaji maelezo. Kuisakinisha programu, basi, ni kuipa makazi ndani ya mashine. La pili ni kinyume cha sanidi, yaani kupanga na kuweka tayari. Kusanidua ni kupangua kilichopangwa, mpaka pabaki kama palivyokuwa. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili, mabishano niliyoyasikia yalikuwa juu ya majina: ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ni kipanya au puku. Vitenzi vilipita bila ya kelele, ilhali naona ndivyo vilivyobeba jambo zito zaidi.

Lugha yetu ina jamii nzima ya vitenzi vya kutengua: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, fukia na fukua, ezeka na ezua, fuma na fumua. Mtazame mvuvi wa hapa Mwanza anapoufumua wavu uliochakaa ili nyuzi zake zitumike tena. Haanzii popote anapopenda. Hutafuta fundo la mwisho, akarudi nyuma hatua kwa hatua katika njia aliyoipita mfumaji. Ndani ya fumua mna fuma. Mwenye kutengua hana budi kujua kilitendwa nini, na kwa utaratibu gani. Futa haimo katika jamii hiyo. Mwenye kufuta anahitaji kitambaa tu, na hapaswi kujua kilichoandikwa ubaoni. Tofauti hii ya kusanidua na kufuta ndiyo ninayotaka kuizungumza, kwa kuwa kompyuta iliyokuwa sebuleni petu, Kirumba, ilitulazimisha kuijua.

Watu wengi huidhania programu kuwa kitu kimoja kilichowekwa mahali pamoja, kama sufuria juu ya rafu, kwamba ukishaishusha rafu imekuwa tupu. Mambo hayako hivyo. Programu inaposakinishwa katika kompyuta ya Windows, mwili wake mkubwa huwekwa katika kabrasha liitwalo Program Files. Mipangilio ya kila mtumiaji, na mara nyingi kazi zake, huwekwa katika kabrasha jingine, AppData, ambalo mashine hulificha lisionekane bila ya kutafutwa. Yanayowahusu watumiaji wote huenda ProgramData, nalo limefichwa. Kisha programu hujiandikisha katika Rejista, daftari kuu ambalo tangu Windows 95 ya mwaka 1995 limekuwa mahali pa kutunzia mipangilio ya mfumo na ya programu zilizomo. Yaweza pia kujitia katika orodha ya vitu vinavyoamka mashine inapowashwa, na katika ratiba ya kazi zinazofanywa kwa saa maalumu. Baadhi, khasa zile za kukinga virusi, hushuka chini zaidi na kukaa baina ya mfumo na kila faili linalofunguliwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa programu hizo hutoa chombo cha pekee cha kuziondolea.

Na anayeiondoa programu ni nani? Aghalabu ni programu nyingine ndogo, iliyoandikwa na mtengenezaji yule yule na kuingia siku ile ile. Yeye huondoa kile ambacho orodha yake inasema kiliwekwa siku ya kusakinisha. Faili lililozaliwa baadaye, la kumbukumbu au la kazi ya mtumiaji, huenda halimo katika orodha hiyo. Mengine huachwa kwa makusudi, ili mtu akiirudisha programu kesho ayakute mambo yake kama alivyoyaacha. Tena viko vitu vya shirika. Khasa katika Windows za zamani, programu mbili tatu ziliweza kutumia faili moja, na Rejista ikatunza hesabu ya wanaolitumia. Kila programu iliyohama ilipunguza moja; hesabu ilipofika sifuri ndipo mtu alipoulizwa kama faili lile nalo liondolewe. Naipenda adabu ya hesabu hiyo. Kisima cha mtaa hakifukiwi kwa sababu jirani mmoja amehama.

Kwa hiyo mpangaji huondoka, na nyumba ikabaki na misumari ukutani na barua zenye jina lake. Sehemu kubwa ya masalio hayo haina madhara. Huchukua nafasi kidogo tu. Lakini binadamu hapendi masalio, na hamu ya kuondoa kabisa haimpati mwenye kompyuta ya nyumbani peke yake. Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Mlango ulifungwa, lakini waliokwisha kujifunza mashine hizo hawakuweza kufundishwa kuzisahau.

Yapo na masaibu ya kuondoa vibaya. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza diski ambazo, zikitiwa katika kompyuta, zilisakinisha kwa siri programu ya kuzuia kunakili, kisha zikaificha hata mwenye mashine asiione. Aliyeigundua ni Mmarekani Mark Russinovich, bingwa wa mambo ya ndani ya Windows. Malalamiko yalipozidi, kampuni ilitoa chombo cha kuiondolea. Chombo chenyewe kikaonekana kuwa kinaacha mwanya mkubwa zaidi ambao wahalifu wangeweza kuupita. Mwaka 2017 programu mashuhuri ya usafi, CCleaner, iligunduliwa kuwa toleo lake moja lilipenyezwa kirusi kabla ya kusambazwa, na watumiaji wapatao milioni 2.27 walikuwa wamekwisha kulipokea. Fagio lilikuja na uchafu wake. Na kuhusu programu zinazojinadi kuisafisha Rejista, Microsoft yenyewe imesema wazi kuwa haiziungi mkono, kwa kuwa ingizo moja likifutwa isivyostahiki mashine yaweza kuhitaji kusakinishwa upya yote. Nimeyataja haya ili msomaji aone kwamba neno "kabisa" lina bei yake. Bei iliyotukabili sisi haikuwa ya mashine.

Shangazi yangu aliuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Asiyeijua biashara hiyo na ajue kwamba dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi isipokuwapo, kwa mitumbwi yenye taa zinazowavuta samaki juu. Alfajiri huletwa ufukweni na kuanikwa juani. Wakikauka hutiwa magunia, na wachuuzi huja kutoka mikoani na kutoka Burundi, Rwanda na Kongo kuyachukua. Fedha taslimu ni chache katika mwendo huo. Kitu kinachoyasogeza magunia ni mali kauli: mtu huchukua mzigo leo kwa neno lake, akalipa akishauza. Kwa miaka mingi Shangazi aliziandika kauli hizo katika madaftari ya skuli. Mwanawe, alipoanza masomo ya chuo, alimsakinishia programu ya hesabu kutoka diski iliyonunuliwa mjini, akamfundisha kuandika jina, tarehe, idadi ya magunia na kiasi kinachodaiwa. Shangazi akaizoea kuliko tulivyotarajia. Alikuwa akiishi nasi, na jioni, baada ya sala ya isha, sauti ya vidole vyake kwenye kibodi ilikuwa sehemu ya sauti za nyumba.

Alifariki mwaka 2019. Arubaini yake ilipopita, binamu yangu aliitaka mashine kwa ajili ya masomo. Ile programu ya hesabu ilikuwa imekwisha muda wa leseni, na kila kompyuta ilipowashwa ilijitokeza kudai malipo na kuichelewesha. Akaiondoa kwa njia ya kawaida, katika orodha ya programu. Dai la malipo likakoma, lakini mahali pake pakazuka ujumbe mwingine: kila asubuhi mashine ilisema kwamba kuna faili inalolitafuta na hailioni. Ratiba ya kazi ilikuwa bado ina amri ya kuiamsha programu ambayo haipo. Mpangaji alikwisha hama, na muuza maziwa akaendelea kumgongea mlango kila alfajiri.

Akaitwa fundi, kijana hodari wa mjini. "Mwalimu, hii naisafisha kabisa, dakika tano tu," aliniambia, akachomeka flashi yenye programu ya usafi. Orodha ya masalio ikajaa kiooni, kila moja likiwa limewekewa alama ya kufutwa. Katikati ya orodha palikuwa na kabrasha moja la AppData, na ndani yake faili kubwa kuliko mengine. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa ya wiki ile Shangazi alipolazwa.

"Mwanangu, subiri kwanza," nikamwambia.

"Mwalimu, hayo ni takataka. Programu yenyewe haipo."

Hakusema uongo. Kwa mashine, faili ambalo programu yake imeondoka halina mwenyewe. Tatizo ni kwamba faili lile lilikuwa na wenyewe wawili: programu, ambayo ndiyo pekee iliyoweza kulisoma, na Shangazi, ambaye ndiye aliyeliandika. Programu ilikuwa imehama kwa hiari yetu. Shangazi hakuhama kwa hiari ya mtu. Chombo cha usafi hakina macho ya kuwatenganisha wawili hao, na si kosa lake.

Tukalinakili kabrasha zima katika flashi. Diski ya programu tuliipata katika sanduku la Shangazi, imefungwa ndani ya kanga pamoja na risiti yake. Fundi akaisakinisha upya, na hapo nikaiona faida ya yale mabaki tuliyokuwa tukiyaita takataka. Programu ilifunguka na kuyakuta mambo yake yote mahali pake, kama msafiri aliyerudi akakuta kitanda kimetandikwa. Leseni ilikuwa imekwisha, kwa hiyo haikuruhusu kuongeza neno jipya, ila iliruhusu kusoma na kuchapa. Tukachapa karatasi zote usiku ule ule.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akisimamia mirathi. Katika sharia tuliyolelewa nayo, na katika muruwa wa watu wote wa ziwani hata wasio wa dini yetu, deni la marehemu hutangulia mgawo wa warithi. Kufikia siku ile tuliwajua wadeni waliokuja wenyewe matangani, na tuliyajua madeni ambayo watu walitutajia. Karatasi zilikuwa na zaidi. Zilionyesha kuwa Shangazi alichukua magunia kwa mwenye mitumbwi mmoja wa Ukerewe siku chache kabla ya kuugua, na hakuwahi kumlipa. Mzee yule alikuwa amekuja kutupa pole, akala nasi, akaondoka bila ya kutaja shilingi. Bila ya faili lile tungaligawana fedha zake tukidhani ni zetu.

Safu ya mwisho ya kila ukurasa ilikuwa ya maelezo. Mahali pengi aliiacha tupu. Mahali pengine aliandika kwa kifupi, bila ya herufi kubwa: atalipa mwezi mwandamo, kaleta nusu, magunia mawili yalilowa. Na mbele ya majina manne palikuwa na maneno yanayofanana. Nayanukuu ya jina moja la mama wa Sengerema: "kafiwa na mumewe. asiulizwe. akiwa nazo ataleta."

Kaka alizisoma mistari hiyo minne kwa sauti, akakunja karatasi. "Hawa hatuwadai," alisema. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa na haki kubwa zaidi katika fedha zile, aliitikia kwa kichwa. Ikawa ndiyo hukumu.

Baada ya hapo ndipo tulipoisanidua programu ile kwa maana kamili ya neno. Fundi alirudi, na mara hii hakuleta fagio. Aliweka kwanza alama ya kurudia, ili mashine iweze kurejeshwa hali yake ya siku ile kama mambo yangeharibika. Akamtumia muondoaji wa programu yenyewe, akaizima na kuiwasha kompyuta. Akafungua Autoruns, chombo cha bure kilichotokana na mikono ya yule yule Russinovich aliyeifichua siri ya mwaka 2005, ambacho huorodhesha kila kitu kinachoamka pamoja na mashine. Akaitafuta amri iliyobaki katika ratiba, akaitoa. Akaingia katika Rejista, akahifadhi kando nakala ya kila ingizo lenye jina la programu kabla ya kuligusa, kisha akayaondoa moja moja, akiyaacha yale asiyokuwa na hakika nayo. Makabrasha yaliyofichwa yakafuata mwisho. Ilichukua saa mbili badala ya dakika tano. Kompyuta ilipowashwa tena haikuuliza habari za mtu yeyote.

Huenda msomaji akanielewa kwamba nasifu kuacha masalio. Sivyo, na sisi wa ziwani tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Magugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, yalionekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya themanini, yakaenea mpaka yakaziba magati na kuwafungia wavuvi ufukweni. Watu waliyang'oa kwa mikono na kwa mashine. Katika nusu ya pili ya miaka ya tisini, nchi tatu za ziwa zilitumia wadudu jamii ya fukusi wanaokula mmea huo peke yake, na ilipofika karibu mwaka 2000 maji yalikuwa yameonekana tena. Wengi wakadhani habari imekwisha. Lakini mbegu za magugumaji huzama topeni na kubaki hai kwa miaka mingi, na kila maji yanapopata rutuba kutoka mashambani na mijini, huota. Kilichoondolewa ni kile kilichoonekana.

Kwa hiyo masalio hayana hukumu moja. Amri iliyobaki katika ratiba ni kama ile mbegu: ndogo, haionekani, na kazi yake pekee ni kuota tena. Hiyo lazima ifuatwe mpaka topeni. Ingizo la Rejista lisilosomwa na kitu chochote ni msumari ukutani. Likiachwa halidhuru, na mwenye pupa ya kuling'oa aweza kubomoa plasta. Faili la kazi ya mtu ni kitu cha tatu kabisa. Mashine huvitia vyote vitatu katika orodha moja na kuviita jina moja. Kuvitenga ni kazi ya mwenye nyumba, naye hawezi kuifanya asipofungua na kusoma.

Lilibaki jambo la mwisho, na hilo lilikuwa kufuta kweli. Mwaka uliofuata binamu yangu alipata mashine nyingine, na ile ya zamani ikawa ya kuuzwa. Ndani yake mlikuwamo majina na namba za simu za watu walioishi kwa neno lao. Kufuta faili kwa kawaida hakuliondoi. Mfumo hulitoa jina lake katika fahirisi na kuitangaza nafasi yake kuwa wazi, na katika diski za kuzunguka kama yetu, maandishi hukaa palepale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Mnunuzi mwenye chombo kinachofaa angeweza kuwasoma wote. Windows ina amri, cipher, inayojaza nafasi zote zilizo wazi kwa maandishi yasiyo na maana. Tuliiendesha usiku kucha, kwa kuwa kila deni lilikuwa limekwisha lipwa na kila neno limekwisha somwa. Utaratibu ndio huo: kusoma, kutengua, kisha kufuta. Ukiugeuza, hakuna chombo kitakachokurejesha nyuma.

Karatasi anazo Kaka. Mzee wa Ukerewe alipokea fedha zake, akauliza tumezijuaje, akaambiwa kuwa mwenyewe aliandika. Ama wale wanne waliofiwa, hakuna aliyewauliza. Wawili walileta.